Kulala Ndani ya Boti: Mwongozo Kamili wa Moto kwa Wapiga Mbizi Wanaotoka Dodoma

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, bahari imetusogelea. Mtu anatoka ofisini Mtumba Ijumaa, usiku analala Dar es Salaam, kesho yake yuko Unguja au njiani kwenda Mafia. Vikundi vya marafiki na wafanyakazi wenza vinachangishana, vinajifunza kuogelea kwenye mabwawa ya hoteli, vinatafuta cheti cha kupiga mbizi, na baada ya muda vinatamani safari ndefu zaidi: kulala ndani ya boti siku mbili tatu, kuamka mkiwa tayari juu ya matumbawe. Ni safari nzuri sana. Ila wengi wetu tuliokulia bara tukifikiria hatari ya baharini tunafikiria kuzama, mawimbi na papa. Naomba mwogope moto kwanza.

Alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception ilikuwa imetia nanga kando ya kisiwa cha Santa Cruz, pwani ya California, Marekani. Ilikuwa na watu 39: abiria 33 na mabaharia 6. Kabla ya saa tisa na robo usiku moto ulishika sebule iliyokuwa kwenye sitaha (sakafu ya juu ya boti) kuu, na chini ya sebule hiyo ndiko abiria wote walikolala. Walikufa watu 34, yaani abiria wote pamoja na baharia mmoja aliyelala nao. Mabaharia watano waliopona walikuwa wamelala juu, karibu na chumba cha usukani.

Wachunguzi wa Marekani hawakuweza kusema kwa uhakika cheche ya kwanza ilitoka wapi, maana boti iliteketea na kuzama. Nyaya za umeme na betri zilizokuwa zikichajiwa ni miongoni mwa mambo waliyoyafikiria. Walichokiona wazi ni hiki. Chumba cha kulala kilikuwa na njia mbili za kutokea, ngazi upande wa omo (mbele) na kitundu cha dharura juu ya vitanda upande wa tezi (nyuma), lakini zote mbili zilifunguka ndani ya sebule ileile iliyokuwa ikiwaka. Sebuleni hapakuwa na kitambua moshi. Hapakuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku, ingawa masharti ya cheti cha boti yalimtaka awepo. Na wengi wa waliokufa walikuwa wameshaamka. Waliuawa na moshi wakiwa hawana pa kupita. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2024.

Tarehe 11 Juni 2023 boti nyingine ya wapiga mbizi, Hurricane, iliungua Bahari ya Shamu upande wa Misri, na wageni watatu kutoka Uingereza wakafa.

Msiba wa namna hii si mgeni kwetu. Bweni la wasichana la Shauritanga kule Rombo liliungua mwaka 1994, na la Idodi, Iringa, mwaka 2009, ambako wanafunzi 12 walipoteza maisha. Watu wengi, vitanda vya dabodeka, usiku, njia chache za kutoka. Kabini ya boti ni bweni lililozungukwa na maji.

Nyumba ikishika moto Chang'ombe, unatoka, unasimama barabarani, unapiga 114, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linakuja. Baharini mabaharia wenu ndio zimamoto, na msaada wa nje unaweza kuchukua saa nyingi kufika. Ndiyo maana kazi kubwa ya usalama inafanyika kabla hujaondoka Dodoma.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kulipa

Mchagueni mmoja wenu apige simu, tena azungumze na nahodha mwenyewe, asiishie kwa wakala. Aanze kwa adabu. "Shikamoo nahodha." Asikie marahaba yake, aulize habari za kazi na hali ya bahari, ndipo aingie kwenye maswali. Mzee wa pwani akihojiwa kama mshitakiwa atatoa majibu ya mkato, lakini akiulizwa kwa heshima atakueleza hata ambayo hukuyajua.

Swali la kwanza: nikiwa nimelala, natokea wapi, na njia ya pili inafunguka wapi? Likamilisheni hilo kabla ya kugusa jingine lolote. Njia mbili zinazoishia chumba kimoja ni njia moja. Mnachotaka ni njia moja ipitie sebuleni au jikoni kama ni lazima, na nyingine ifunguke moja kwa moja sitahani, kwenye hewa ya wazi. Ombeni video fupi ya WhatsApp: baharia alale kitandani, ainuke, atembee hadi sitahani kwa njia ya kwanza, arudi, atoke kwa njia ya pili. Video ya dakika mbili itawaonyesha kama mfuniko wa dharura unafunguliwa kwa mkono kutoka ndani, kama mtu mzima mwenye mwili anapenya, na kama juu yake pamerundikwa mabegi na mitungi. Boti ambayo haiwezi kutuma video hiyo, mimi nisingepanda hata kwa nusu bei. Zipo boti ambazo wageni hulala juu, sitahani, chini ya turubai. Raha ni ndogo, upepo ni mwingi, lakini kwa moto ni salama kuliko kabini nzuri yenye mlango mmoja.

Swali la pili: usiku nani anakaa macho? Jibu zuri lina majina na saa. "Juma anakaa hadi saa saba, kisha Hamisi hadi asubuhi, na wanazunguka hadi chumba cha injini." Jibu baya ni "Msijali, sisi tumezoea." Mtu aliyelala kwenye kiti cha usukani hahesabiwi kuwa zamu.

Swali la tatu: vitambua moshi viko wapi, na kimoja kikilia, vingine vinalia? Kengele inayolia jikoni peke yake haimwamshi aliyelala chini, karibu na kelele za jenereta. Vinavyounganishwa vikalia pamoja ndivyo vinavyotakiwa, tena viwepo sebuleni, jikoni na kila kabini.

Mengine yaulizeni haraka. Chombo kina cheti hai cha usalama? Bara mamlaka husika ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Cheti huonyesha tarehe ya mwisho na idadi ya watu wanaoruhusiwa, na idadi hiyo ilinganisheni na ya kikundi chenu pamoja na mabaharia. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, inafanya kazi? Chelezo cha kujiokolea na jaketi okozi vinatosha watu wote, na vimehifadhiwa nje au chini ya vitanda? Petroli ya kiboti cha pembeni na ya kompresa (mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi) inawekwa wapi? Madumu ya petroli yanatakiwa kukaa nje, kivulini, mbali na injini na jiko. Mtungi wa gesi ya kupikia nao ukae nje, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: ikivuja ndani hutiririka hadi ngama, tumboni mwa chombo, ikasubiri cheche ya pampu.

Kama boti inajaza mitungi kwa hewa iliyoongezwa oksijeni, ulizeni nani amefunzwa kazi hiyo. Oksijeni nyingi ikikutana na mafuta au grisi kwenye vali inaweza kuwaka yenyewe. Mikono yenye mafuta ya kupaka mwilini isiguse vali za oksijeni, hata ule mtungi wa huduma ya kwanza.

Hatua ya 2: Kagua begi lako ukiwa bado nyumbani

Mpiga mbizi wa leo anasafiri na betri nyingi kuliko anavyodhani: simu, pawabenki, kamera, taa mbili za chini ya maji, kompyuta ya mkononi, spika. Karibu zote ni lithiamu. Zitandaze mezani uzikague moja moja. Iliyovimba, iliyopasuka, iliyowahi kudondoka vibaya au inayopata moto sana ikichajiwa, iache Dodoma. Chaja ya bei ya chee isiyo na jina nayo iache. Kila betri ichajiwe kwa chaja yake.

Wanaokwenda kwa ndege wazingatie kanuni za usafiri wa anga: betri za akiba na pawabenki hubebwa mkononi, haziwekwi kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida bila kibali ni saa-wati 100. Hesabu yake ni rahisi: pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni 20 mara 3.7, yaani saa-wati 74. Kanuni hiyo itumieni pia kama kipimo cha kiasi kwa wanaopanda treni, maana baharini betri kubwa ni moto mkubwa.

Ongeza vitu vinne: tochi ndogo ya kichwani, filimbi, viatu vyepesi vya kuvaa kwa haraka, na, kikundi kikiweza kuchangia, kitambua moshi kimoja cha betri cha kubebeka. Hicho mtakitundika darini mwa kabini yenu wenyewe, hata kama boti ina chake.

Hatua ya 3: Fanyeni mazoezi Dodoma

Zoezi hili halihitaji bahari. Lala kitandani kwako, zima taa, funga macho kwa kitambaa. Inuka, teremka hadi sakafuni, utambae hadi mlangoni ukiwa umegusa ukuta kwa mkono mmoja, ukihesabu vitu unavyovipita: kona ya kitanda, kabati, fremu ya mlango. Fungua kufuli bila kuona. Toka nje. Rudia hadi uweze kufanya bila kusitasita, kisha uwafundishe wa nyumbani.

Wengi watagundua jambo la kutisha hapo hapo nyumbani. Vyumba vingi vya kupanga Nkuhungu, Makulu na hosteli za karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) vina nondo madirishani na mlango mmoja unaofungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwenye mfuko wa suruali iliyoko mahali fulani. Ufunguo utundikwe mahali pamoja, karibu na mlango, kila usiku. Mwenye nyumba aombwe angalau grili moja ya dirisha iweze kufunguliwa kutoka ndani. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ninyi mtalala boti usiku mbili, lakini hapo mnalala mwaka mzima.

La pili ni mtungi wa kuzimia moto. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hutoa elimu kwa umma, na makao makuu yake yako hapahapa Dodoma. Andikeni barua mkiwa kikundi, mwombe mafunzo ya vitendo. Kuona picha ya mtungi ukutani hakutoshi. Unaangalia mshale wa kipimo uko kwenye kijani, unavuta pini, unaelekeza mdomo wa bomba kwenye shina la moto, unabana mkono, unapeleka kulia na kushoto. Mtungi wa unga wa kilo 6 unaisha kwa sekunde 15 hadi 20 hivi. Asiyewahi kuushika humaliza sekunde hizo akihangaika na pini.

Hatua ya 4: Nusu saa ya kwanza ndani ya boti

Msianze na picha. Kabla ya mabegi kufunguliwa, mwombeni nahodha awaonyeshe chombo kwa miguu, kila mtu awepo, hata aliyewahi kulala boti mara kadhaa. Kila mmoja atoke mwenyewe kwa njia ya dharura, mwili mzima hadi nje. Anayeshindwa kupenya ahamishiwe kitanda cha juu sitahani au karibu kabisa na ngazi. Mzee, mwenye pumu na mtoto wapewe vitanda vya jirani na mlango, si vya kona.

Jueni mahali pa kukusanyika, kisha mpangane wawili wawili kama mnavyofanya mkipiga mbizi: mwenzako wa majini ndiye mwenzako wa usiku. Yeye ndiye utakayemgusa kwanza moshi ukiingia. Pawepo pia mtu mmoja mwenye orodha ya majina, ili hesabu ya watu isifanywe kwa kubahatisha.

Vaeni jaketi okozi mara moja, mfunge mikanda, mvue. Mwombeni nahodha awaonyeshe redio: chaneli 16, bonyeza, sema "Mayday", wito wa kuomba msaada wa dharura, mara tatu, taja jina la boti, mahali mlipo, idadi ya watu, na kwamba ni moto. Achia kitufe, sikiliza. Angalau wawili katika kikundi wawe na uwezo wa kufanya hivyo, kwa sababu nahodha anaweza kuwa ndiye anayepambana na moto.

Hatua ya 5: Kuchaji, kupika, kulala

Kanuni ya kuchaji iwe moja, na isiwe na huruma: mchana tu, mahali pamoja panapoonekana, mtu akiwa macho, juu ya kitu kisichoungua. Si kitandani, si chini ya mto, si juu ya kochi la sebuleni. Ekstensheni moja isichomekwe kwenye nyingine. Saa ya kulala ikifika, kila kitu kinachomolewa. Wapo watakaolalamika kwamba wamepiga mbizi jioni na kamera inatakiwa asubuhi. Waje na betri ya akiba iliyojaa.

Taa iliyoingia maji ya chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Kwa nje inaweza kuonekana imekauka, huku chumvi ikiendelea kuunganisha umeme ndani ya betri. Usiichaji. Ifungue polepole ukiielekeza mbali na uso, maana gesi huweza kujikusanya ndani, mkabidhi baharia betri hiyo, na ikae nje kwenye chombo cha chuma, mbali na watu.

Sigara ni nje, upande ambao upepo unaondoka nao, mbali kabisa na madumu na kompresa. Kama boti inakataza, inakataza. Mpishi akikaanga samaki aachwe afanye kazi yake, jikoni pasigeuzwe baraza. Taulo na mavazi ya kupigia mbizi yasianikwe karibu na bomba la moshi wa injini.

Kabla ya kulala, mtu mmoja apite njia zote mbili. Usiku watu huacha begi kwenye ngazi, ndoo juu ya mfuniko, jozi ya mapezi mlangoni. Viondolewe. Tochi ifungwe kitandani kwa kamba, viatu pale miguu inaposhukia. Milango ya jikoni na ya chumba cha injini ifungwe. Mlango uliofungwa huchelewesha moshi kwa dakika ambazo mtazihitaji.

Hatua ya 6: Moto ukitokea

Piga kelele. "Moto! Moto!" Usichunguze kwanza, usione aibu kuamsha watu bure. Moshi wenyewe hauamshi mtu. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani msimu wa baridi wa Juni na Julai; haina harufu, na anayeivuta usingizini huzidi kulala. Kwa hiyo mshike mwenzako, mtikise, mwinue. Kitambaa kibichi puani hakichuji gesi hiyo, usipoteze muda kukitafuta.

Shuka chini ya moshi, tambaa, ufuate ukuta kama ulivyozoea Dodoma. Njia ya kwanza ikiwa na joto au moshi mzito, igeuzie mgongo mara moja uende ya pili. Simu, pasipoti na kamera vinabaki. Ukishatoka hurudi, hata kama hesabu haijatimia; sema jina la aliyekosekana kwa nahodha, na mgonge mfuniko wa dharura mkiwa nje, muufungue mkiita.

Kuzima moto ni kwa moto mdogo tu, ukiwa na njia ya kutoka nyuma yako. Sufuria ya mafuta ikiwaka, zima gesi, funika kwa mfuniko au blanketi la moto, usimwage maji. Moto wa chumba cha injini usifunguliwe mlango ili kutazama. Kama upo mfumo wa kuuzimia kutoka nje, mabaharia wafunge hewa, wazime mafuta, wauwashe. Kifaa cha umeme kikishika moto, umeme ukatwe kwanza.

Betri ya lithiamu ina tabia yake. Ikianza kuvimba, kufoka na kutoa mvuke, msiikaribie sana, maana mvuke huo ni sumu na mlipuko uko karibu. Joto linazalishwa ndani yake, kwa hiyo mtungi wa unga au wa gesi unaweza kuzima ndimi zake na baada ya muda ikawaka tena. Kinachoitiisha ni kupozwa: maji mengi, kwa muda mrefu, na bahari imewazunguka. Msiibebe kwa mikono kupita katikati ya watu.

Nahodha akitoa amri ya kukihama chombo, jaketi okozi mwilini kwanza. Ondokeni upande upepo unakotoka ili moshi usiwafuate, muingie kwenye chelezo au kiboti, mkae pamoja, mhesabu watu tena kwa orodha. Kama jaketi okozi halifikiki, jaketi la kupigia mbizi likijazwa hewa nalo huelea. Waliovuta moshi wapewe oksijeni ya huduma ya kwanza mbali na moto, na wote wapelekwe hospitali hata wakisema wako sawa.

Hatua ya 7: Mkirudi

Boti mliyoikuta na mfuniko uliofungwa kwa kufuli, isiyo na zamu ya usiku au iliyojaza watu kupita cheti, itolewe taarifa TASAC au kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, pamoja na tarehe, bandari na picha zenu. Andikeni mlichokiona wenyewe tu. Na nahodha aliyewatumia video, akawatoa mmoja mmoja kwa njia ya dharura na kuweka mtu macho usiku kucha, mpigieni simu kumshukuru, kisha namba yake mpeni kiongozi wa kikundi kinachofuata, pamoja na kitambua moshi mlichonunua.